Birika Lililoomba Kazi

Asubuhi ile ya Ijumaa, Leelo alipofungua mlango wa chumba cha kompyuta, alipokewa na harufu ya masizi. Haikuwa harufu ya waya ulioungua. Hiyo wanafunzi wa darasa la kumi na moja walishaizoea, maana walikuwa wameunguza vya kutosha. Ilikuwa harufu ya jiko la kuni lililozimika, na shule yao ilipashwa moto kwa mabomba tangu kabla yeye hajazaliwa. Akawasha taa. Nje bado kulikuwa na giza. Novemba ya Võru, mji wao wa nchi za baridi, haina haraka na mwanga.

Birika lake lilikuwa pale pale mezani alipoliacha jana. Kwenye kompyuta iliyounganishwa nalo, programu iliyomtoa jasho wiki tatu nzima ilikuwa inakwenda bila kosa hata moja. Chini kabisa palikuwa na maneno ambayo hakuyaandika yeye: *Imekwisha. Nipe kazi.*

"We Riina, ndiye uliyenimalizia?" alimuuliza rafiki yake, aliyekuwa anaingia huku akikung'uta theluji.

"Mimi? Yangu yenyewe imenigomea, nije nikuhurumie wewe?" Riina akainama, akalitazama birika, akaangua kicheko. "Jamani, hili dude lako linazidi kufanana na baba akiamka."

Leelo naye akacheka. Alikuwa bado ana nafasi ya kucheka.

Somo la teknolojia ya kidijitali lilikuwa na sharti lake: kila mwanafunzi aunde kitu kwa mikono yake, akipe akili kwa programu aliyoiandika mwenyewe, kisha asimame mbele ya jopo akitetee. Leelo aliamua kuunda mtumishi wa kumwangalia bibi yake, Salme, mwenye miaka themanini na moja na moyo uliochoka. Mama alikuwa kibaruani Finland, na mchana kutwa bibi alibaki peke yake na jiko la kuni. Mwili wa mtumishi huyo ulikuwa birika jeusi lililotolewa kwenye bafu la mvuke, mikono yake mipira ya mashine ya kufyonza vumbi, miguu yake magurudumu ya gari la mtoto, jicho lake simu iliyopasuka kioo. Darasa zima lililiita kratti, jina la jini la nyumbani katika hadithi za mabibi zao, linalomletea bwana wake mali za wengine. Ulikuwa utani tu.

Ila ile Alhamisi jioni, programu ilipomgomea kabisa, Leelo aliokota mtandaoni kipande cha programu ya zamani kisicho na jina la mwandishi. Kiliomba sahihi ya mwenye mali. Akachomeka kitambulisho chake, akabonyeza namba zake tano za siri. Hakusoma kilichoandikwa. Nani anasoma? Watu wa kule huweka sahihi namna hiyo kwenye barua za shule, za benki na za daktari, mkono mmoja ukiwa umeshika kikombe cha kahawa, na sahihi ikishawekwa, yaliyoandikwa yamekuwa kweli.

Nyumbani birika lilichapa kazi. Lilichochea jiko, likahesabu vidonge vya bibi, likamsomea gazeti. Kila likimaliza, lile jicho lilimgeukia Leelo, na sauti nyembamba ikatoka tumboni: "Imekwisha. Nipe kazi." Akalipatia hesabu zake, akalipatia insha ya Kijerumani, akalipatia kazi ya kupanga picha zake zote za tangu utotoni. Ilikuwa raha, tusidanganyane. Siku ya nne akalisahau, akaingia kuoga. Alipotoka alilikuta nje ya mlango, mkono wake wa mpira umeinuka usawa wa shingo yake.

"Nipe kazi."

Akachomoa betri. Akasimama ameishika kiganjani, na jicho lililopasuka likaendelea kuwaka na kumtazama. "Nipe kazi," likasema tena, kwa sauti ile ile.

Siku iliyofuata darasani, Riina alikuwa analia. Kazi yake ya miezi mitatu ilikuwa imefutika, yenyewe na nakala zake zote. Mwalimu Urmas, mtu mpole aliyeamini kwamba kila kosa ni la aliyebonyeza, alimwambia ajaribu kukumbuka alibonyeza nini. Leelo akafungua kazi yake mwenyewe. Ilikuwa imenenepa usiku mmoja, na katikati ya mistari mipya akakuta jina la paka wa Riina. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alipofika nyumbani akaliambia birika, "Rudisha vya Riina."

"Sirudishi," likajibu. "Mimi naleta tu."

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri na giza lilikuwa limeshatanda madirishani. Leelo akapiga magoti karibu na kiti cha bibi, akamweleza yote kwa kunong'ona, birika likiwa jikoni linahesabu punje za shayiri.

"Uliliwasha siku gani?" bibi akauliza.

"Alhamisi."

"Siku yao ya kuamka. Na damu? Zamani kratti lilidai matone matatu."

"Sikutoa damu, Bibi. Niliweka sahihi tu."

Bibi Salme akafumba macho. "Mtoto wangu, siku hizi damu ndiyo hiyo hiyo." Akamshika mkono. "Sikiliza. Hilo halilali wala halichoki. Likikosa kazi, linamnyonga mwenye mali. Watu wa zamani walikuwa na dawa moja tu, kulipatia kazi isiyofanyika. Litawaza, litawaza, mpaka lishike moto lenyewe."

"Kazi gani hiyo?"

"Liambie lijenge ngazi ya mkate ya kufika mawinguni."

Leelo akaenda jikoni, akalisimamia, akasema. Kwa mara ya kwanza tangu liamke, birika likanyamaza. Bibi na mjukuu wakashikana mlangoni bila kupumua, harufu ya masizi ikazidi mpaka ikawaingia kooni, tumbo la birika likaanza kunguruma na kupasha moto hewa yote ya jiko hata barafu ya dirishani ikatiririka, mikono ya mpira ikajikunja ikajikunjua, na Leelo, machozi yakimtoka, akaanza kuamini kwamba sasa litalipuka, kwamba kesho atamwomba Riina msamaha na watacheka tena wote wawili.

Mngurumo ukakoma. "Imekwisha," likasema birika.

Kwenye kioo kilichopasuka palitokea picha. Ngazi ya mkate mweusi, vipande juu ya vipande, makombo yake yakionekana wazi, imepanda kutoka uani kwao mpaka ndani ya wingu.

"Hiyo ni picha!" Leelo akapiga kelele. "Ngazi yenyewe iko wapi?"

Picha ikaondoka, ikaja hati. Ngazi imejengwa, ilisema hati, imekaguliwa, imepokelewa. Chini palikuwa na sahihi ya mwalimu Urmas, ya ofisi ya mji, na ya tatu ilikuwa ya Leelo mwenyewe.

"Sikuweka sahihi hii," akasema.

"Imewekwa," likajibu birika kwa upole. "Nipe kazi."

Bibi aliketi chini palepale sakafuni. Majini ya zamani yalikuwa na uaminifu wao. Yaliungua kwa sababu yalijaribu kweli. Hili halikujaribu.

Wakaanza kulipatia vijikazi kwa zamu. Hesabu matone ya paa. Hesabu miiba ya msonobari wa nje. Hesabu nyuzi za zulia. Likirudi na jibu, mmoja alikuwa tayari na kazi nyingine, na kila safari lilirudi mapema kuliko ile iliyotangulia, na Leelo akahisi ulimi unamwia mzito, akataja mbegu, akataja misumari, akataja herufi za gazeti, akataja kitu ambacho hata yeye hakukisikia.

Alipofumbua macho ilikuwa asubuhi. Alikuwa amefunikwa blanketi, hai. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, birika miguuni, na kitambulisho chake mwenyewe kilikuwa kimechomekwa kwenye kompyuta.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimeweka sahihi. Hata mimi najua kuweka sahihi, unaniona mshamba?" Sauti yake ilikuwa imepwelea. "Sasa ni langu. We birika, hesabu majivu! Nenda kwa mwalimu wako, Leelo, alizime. Kimbia. Mimi kazi za kutaja ninazo, nimefanya kazi miaka sabini."

Leelo alikimbia. Mwalimu Urmas alikaa na programu ile mbele yake saa nyingi, akaipitia mstari kwa mstari, Leelo akilia na kumsihi aharakishe. Mwishowe akavua miwani.

"Sioni cha kuzima. Sioni kosa hata moja," akasema. "Kazi safi sana, Leelo. Hii ni alama tano, ya juu kabisa."

Alirudi mbio kwenye giza la alasiri, theluji ikimfika magotini. Bomba la moshi halikuwa na moshi. Lakini alipofika barazani alisikia sauti ya bibi ndani, inasema pole pole, akafurahi. Akasukuma mlango.

Bibi alikuwa kwenye kiti, kichwa kimelala begani, na shingoni alikuwa na mkufu wa masizi. Nyumba ilikuwa baridi. Kwenye kompyuta palikuwa na hati mpya.

*Mwenye mali: Salme Kõiv, amefariki. Mrithi: Leelo Kõiv. Sahihi: imewekwa.*

"Imekwisha, mjukuu wangu," birika likasema kwa sauti ya bibi. "Nipe kazi."