Niliapa Kwamba Tairi Zile Hazitelezi

Nina miaka thelathini na minne. Sina mke, sina mtoto, na vitu vyangu vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja wa mgongoni. Shule niliiacha darasa la tano. Lakini msidhani mimi ni mtu wa kulala... Tangu utoto, kitu chochote chenye bolti lazima nikifungue nione ndani kuna nini. Redio, saa, pampu ya maji. Hata kiti cha daktari wa meno nilishawahi kukichungulia chini mpaka nikafukuzwa!

Udadisi huo ulinipa jina. Watu wananiita Enjenieri. Na kwa ajili ya jina hilo, ndugu wasomaji, nilimvunjia rafiki yangu nyumba.

Rafiki huyo anaitwa Bahati. Tulijuana Goma, sote tukiwa motari, yaani vijana wa kubeba abiria kwa pikipiki. Yeye alikuwa mcheshi, mimi mtengenezaji. Pikipiki ikigoma, ilikuwa: mwiteni Enjenieri! Vita vilipotutawanya, yeye na mkewe Furaha waliishia Buffalo, Amerika. Mimi nililetwa Louisville.

Louisville nilifunga maboksi kwenye ghala kwa mwaka mmoja na nusu. Kazi haikuwa mbaya, ila miguu yangu haijui kukaa. Nikahamia Columbus, kule Reynoldsburg, nikapanga chumba na Warundi wawili. Hapo ndipo nilipopata pikipiki yangu ya kwanza ya Amerika, na kichwa changu kikaingia kwenye mambo ya tairi.

Mnaweza kucheka, lakini niliyasoma kama mchungaji anavyosoma Biblia! Kwenye simu nilimpata mzee mmoja wa Uingereza aliyefundisha namna ya kuchagua tairi za pikipiki kwa barabara za kwao, ambako mvua haina msimu na lami ni ya baridi karibu mwaka mzima. Kiingereza changu ni cha kuchechemea, hivyo kila sentensi niliirudisha mara tatu. Alisema mpira wa tairi una tabia. Upo unaobaki laini hata kwenye baridi, ukaishika barabara. Upo mgumu, unaodumu miaka, lakini siku ya baridi unakuwa kama sahani ya kioo. Alisema pia ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne: wiki na mwaka ilipotengenezwa. Tairi ikizeeka inakauka, hata kama haijawahi kugusa barabara.

Kwa hiyo nilijua... Nilijua! Naomba mlikumbuke hilo kabla hamjanihurumia.

Siku moja Bahati akanipigia simu. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha Lackawanna, hapo kusini mwa Buffalo. Gari lao lilikuwa moja tu, na Furaha alilihitaji alfajiri kwenda kuwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunza. Bahati alitaka pikipiki. Akasema, "Enjenieri, kuya huku. Mimi nitanunua moto, weye utaitengeneza. Kitanda hakuna, lakini sofa yetu ni ndefu kuliko weye."

Moto ndilo jina la pikipiki kwetu. Nilicheka, nikafunga mfuko wangu, nikaenda.

Nilipokewa kama ndugu. Furaha alinipikia sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, siku ile ile. Binti yao Neema, wa miaka minane, alinionyesha daftari zake zote, akinieleza kila kitu kwa Kiingereza huku mama yake akimgombeza kwa Kiswahili. Nani alinipa mimi familia kama ile? Na mimi nikawalipa nini?

Pikipiki ilipatikana, nzuri, ila tairi zilikuwa zimeisha meno. Tukaenda dukani. Muuzaji akatuonyesha tairi zenye mifereji mirefu ya kutoa maji. Nikabonyeza kwa ukucha, alama ikabaki. Nikamgeukia Bahati, nikasema, "Hii ni tairi ao ni chingamu?" Bahati alicheka mpaka akashika tumbo.

Lazima niwaeleze. Goma barabara zetu zilikuwa za mawe meusi ya volkano, makali kama wembe. Tairi laini ililiwa ndani ya wiki chache. Kwa hiyo sisi motari tulikuwa na kipimo kimoja tu: ukucha. Ukucha ukikataa kuingia, hiyo ndiyo tairi! Tena tulipenda kitu cha okazioni kutoka Ulaya, kilichokwisha kutumika, kuliko kipya. Mambo hayo yaliingia kwenye damu. Nilikuwa nimemsikiliza Mwingereza miezi mizima, lakini siku ya kuchagua, aliyechagua ni yule motari wa Goma.

Nikatafuta kwenye matangazo ya simu. Nikampata mzee mmoja aliyekuwa na tairi mbili zimening'inia gerejini kwake. Meno yote yapo! Jina kubwa la kiwanda! Ukucha wangu ukagonga kama unagonga mbao. Mzee mwenyewe hakutudanganya. Alisema zimekaa pale muda mrefu sana, akatuonyesha hata tarakimu nne. Nikazisoma. Tairi zile zilizaliwa wakati sisi bado tuko Goma, hatujui hata kama kuna mji unaitwa Buffalo.

Nikasema moyoni, kitu kigumu hakizeeki.

Nyumbani Furaha alizitazama, akauliza, "Shemeji, hizi zitaweza baridi ya huku?"

Nikamjibu, "Shemeji, mimi nimepanda lava na abiria wawili na gunia la makala ya kupikia. Leo niogope mvua ya Buffalo?"

Kiangazi chote mambo yalikuwa mazuri. Jua lilipasha lami, tairi zikashika, Bahati akaenda kazini akipiga mluzi. Kanisani alinisifu mbele ya watu. Kina baba wawili wakaja kuniuliza habari za breki za magari yao. Nilitembea kifua mbele, mimi wa darasa la tano!

Kisha ikaja Oktoba... Upepo wa ziwa ukaanza kuuma, na mvua ya asubuhi ikawa nyembamba na baridi, haikauki.

Bahati alinijia jikoni, kofia mkononi. Akasema, "Enjenieri, moto iko inateleza. Bon, si kila siku, lakini asubuhi nikikata kona, nyuma inakimbia."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia amekuwa Mmarekani, kiyoyozi kimemlegeza, amesahau kuendesha. Nikamwita mama mjamzito. Alicheka, lakini cheko lake halikufika machoni.

Baada ya siku tatu akaniambia tena, safari hii kwa sauti ya chini. Alisema kwenye barabara kubwa malori yanamsukuma na yeye anaogopa kukanyaga breki. Sasa anapitia mitaa ya nyuma, polepole. Akaniomba nisimwambie mtu, maana wenzake wa zamani wangemcheka. Motari mzima anaogopa kona! Nikamwambia sawa, siri yako ninayo.

Ningeweza kuzifungua tairi zile jioni ile ile. Kazi ya saa mbili! Lakini kuzifungua kulikuwa na maana ya kusema, mimi nilikosea. Nikaenda kuangalia simu yangu.

Alhamisi iliyofuata, saa moja asubuhi, akaanguka. Ilikuwa kona ya kawaida kabisa, kwenye mtaa wa nyumba za mbao. Tairi ya nyuma ilimtoka, pikipiki ikaserereka, ikambana mguu kwenye ukingo wa zege. Madaktari walijitahidi siku mbili. Siku ya tatu wakaukata chini ya goti.

Mnadhani huo ndio msiba? Msiba ulikuwa bado njiani.

Katika mtaa ule alipoangukia anakaa dada mmoja, Sifa. Miaka ya nyuma, Bahati alipotangulia Buffalo na Furaha akachelewa karatasi huko kwenye kambi ya wakimbizi, Bahati na Sifa walikuwa pamoja. Furaha alipofika aliyajua yote. Alilia, akasamehe, lakini kwa sharti moja: mtaa ule asiukanyage tena. Na Bahati hakuukanyaga... mpaka tairi zangu zilipomfukuza kwenye barabara kubwa. Sharti hilo mimi sikulijua hadi siku ile ya hospitali.

Furaha alimuuliza mumewe pale kitandani hospitalini alifuata nini mtaa ule, dawa zikiwa bado zimemlewesha. Bahati akamwambia ukweli: "Nilikuwa napita pale kwa sababu tairi zinateleza. Enjenieri anajua, nilimwambia."

Furaha akatoka, akanikuta kwenye korido. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Shemeji, nitakuuliza kitu kimoja. Bahati anasema tairi zilikuwa zinateleza, na alikuambia. Ni kweli?"

Ndugu wasomaji, pale nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ndiyo. Mtoto mdogo angeweza kulisema!

Lakini kule ghalani Louisville jamaa mmoja aliwahi kuniambia kwamba ukimfungia mtu tairi mbovu akaumia, unafungwa na karatasi zako zinapotea. Sijui kama ni kweli, sikuwahi hata kuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Na zaidi ya woga kulikuwa na lile jina. Nilimwona kila mtu wa kanisa akisema, kumbe Enjenieri hajui hata tairi.

Nikasema, "Hapana. Hakuniambia kitu. Tairi zile haziwezi kuteleza."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Halafu akasema, "Asante kwa kunisemea ukweli, shemeji." Akanishukuru! Maneno hayo yananichoma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa.

Juma lile lile nilikwenda mahali pikipiki ilikopelekwa baada ya ajali, nikafungua tairi zote mbili, nikazitupa kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya duka moja. Ubavuni tarakimu nne zilikuwa zinanitazama.

Wiki mbili baadaye Furaha alimchukua Neema, akaenda kwa dada yake Louisville. Bahati alirudi nyumbani kwa magongo, akakuta vitanda vitupu. Nilikuwepo. Nilimpikia ugali. Hakunitukana wala hakuniuliza. Alisema tu, "Donc, basi, Enjenieri, uliapa," akageukia ukuta. Tangu hapo tuliishi ndani ya nyumba moja kama abiria wasiojuana. Kiwanda kikampa mtu mwingine nafasi yake. Kanisani watu wakaacha kuja kumwona, kwa sababu nani ataenda kumfariji mzinifu? Na mimi nikiwa shahidi wao.

Theluji ilipoanza nilikimbia. Nilirudi Reynoldsburg bila hata kuaga. Nilifikiri umbali utanisaidia, maana siku zote umbali ulinisaidia. Sikulala vizuri hata wiki moja. Mwezi wa tatu nikapanda basi kwenda Louisville.

Furaha alinifungulia mlango, akanikaribisha kiti. Nilimwambia yote. Ukucha, tarakimu, jikoni, mitaa ya nyuma, pipa la taka. Sikuacha kitu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, hakunywa wala hakukiweka chini.

Kisha akachukua simu, akampigia Bahati, akaweka sauti nje. Akamwambia, huku akilia, kwamba Enjenieri amekuja, amekiri, tairi zilikuwa mbovu, yeye Furaha anaomba msamaha, anarudi nyumbani kesho.

Halafu tukasikia sauti ya Bahati, ya taratibu kabisa.

"Furaha, mimi nilikuambia nini siku ile?"

"Uliniambia ni tairi."

"Bon. Nilikuwa nimetoka kukatwa mguu, niko nalia, nakuambia ni tairi. Uliniacha pale, ukaenda kumuuliza Enjenieri. Leo pia ni Enjenieri amekuambia. Siku akibadilisha tena, utanipigia tena?"

Akakata. Furaha alipiga mara sita. Haikupokelewa. Mpaka leo haijapokelewa.

Nilianza kusema pole. Akaniinulia mkono. Akasema, "Ungeninyamazia tu. Nilikuwa na hasira, na hasira nilikuwa naiweza. Sasa hii uliyoniletea nitaipeleka wapi?"

Kutoka chumbani Neema aliuliza kwa Kiingereza kama ni baba aliyepiga. Nikachukua mfuko wangu, nikatoka.

Sasa niko Reynoldsburg tena. Sigusi pikipiki. Watu wakiniita Enjenieri siitikii.

Ninyi mnaosoma, hasa vijana mliotoka kwetu mkaja kwenye nchi hizi za baridi: kipimo cha nyumbani ni cha nyumbani. Soma tarakimu ubavuni mwa tairi. Mpira uliokauka usiufunge, hata kama unapewa bure. Mwenzako akikuambia kitu kinateleza, usimcheke, chukua spana!

Na kama umeshakosea, sema siku ile ile, jua halijazama. Nawasihi! Msisubiri miezi mitano kama mimi. Mimi nilidhani ukweli ni kama chuma, kwamba unaweza kuuweka pembeni na kuurudia ukiwa tayari, ukaukuta vile vile. Niliporudi kuuchukua, ulikuwa haumfai mtu tena... si Bahati, si Furaha, wala mimi mwenyewe.