Aliyewalisha Nyoka wa Fundi

"Nani amewalisha?"

Fundi friji aliuliza akiwa ameinamia sanduku la kioo sebuleni. Nyoka wake wawili, wachanga bado, wembamba kama kidole, walikuwa wamelala na matumbo yametuna, ilhali panya wa kuwalisha walikuwa kwenye friza, wamegandishwa, hajapungua hata mmoja. Mkewe alidhani ni utani. Akaendelea kukunja nguo.

Kulisha ilikuwa kazi ya fundi peke yake. Panya huyeyushwa kwa maji ya uvuguvugu, asizidi unene wa nyoka. Kisha fundi hugonga kioo kwa koleo, ti, ti, ti, nao huinua vichwa, wakangoja. Alijivunia hilo kuliko cheti chake cha ufundi.

Miezi ikapita, nyoka wakawa wanene kama mkono wa mtu. Yale matumbo nayo yakazidi kutuna, kwanza kwa kitu kama kifaranga, na paka wa nyumbani alipopotea, kwa kitu kama paka. Sebule ikaanza kunuka maziwa ya mama yaliyochacha. Mle ndani anayenyonyesha alikuwa mke peke yake, na alijua si yake.

Akamwomba mumewe awaondoe, nyumba ina mtoto mchanga. Fundi akacheka, akasema nyoka wake wana adabu kuliko mashemeji zake.

"Ndugu zangu hula wakikaribishwa," mke alijibu.

Yaani mtu anatetea nyoka mbele ya mwanawe wa kumzaa, halafu mkorofi ni mke!

Alasiri moja, fundi yuko kazini na koleo limening'inia msumarini, mke akasikia ti, ti, ti kutoka sebuleni, taratibu, kama mtu mwenye subira, na alipochungulia hakuona mtu, aliona vichwa viwili tu vimeinuliwa kuelekea mahali pasipokuwa na kitu.

Akamwita mganga. Mzee akanusa hewa, akashusha sauti.

"Huyu hajaja kuua, mwanangu. Analea. Nyoka wasitoke mpaka kesho nije nimtoe yeye kwanza. Akikosa wa kulea, atatafuta."

Fundi aliyegoma miezi yote kuwaondoa, aliposikia mkewe sasa anaomba wabaki, akawabeba alfajiri akampa rafiki yake. Mganga alipofika akaona sanduku tupu, akaishia mlangoni.

Mchana ule mtoto alikataa ziwa, akageuza uso kila mama alipomsogeza kifuani, na mama alipompapasa akakuta tumbo gumu, limetuna, na pumzi yake ndogo ikinuka maziwa yale yale yaliyochacha.

"Baba watoto," alinong'ona, "nani amemlisha?"

Fundi akageuka kulitazama sanduku tupu.

Mpaka leo mtoto hanyonyi, na ananenepa. Kikigongwa chochote, kijiko au nyundo ya jirani, huinua kichwa, akafungua kinywa, na koo lake likameza.

Basi ukienda kwao, tafadhali, usigonge mlango. Simama nje uwaite.