Shamba Lililovuliwa Nguo

Walimwita Mama Usafi. Uwanja wake aliufagia mara mbili kwa siku, na shamba nalo alilifagia. Kila akivuna mahindi, alichoma mabua yote, kisha trekta likaja kugeuza udongo. Shamba likabaki jeupe kama sakafu.

Lakini mavuno yalizidi kupungua. Mvua ikipiga, udongo ulishuka mtaroni. Mwaka huu hela ya trekta haikuwepo. Ikabidi auzwe mbuzi, na maziwa yake ndiyo aliyokunywa mtoto wao wa mwisho.

"Mnunuzi anakuja kesho," mumewe alisema.

Jirani yao, bibi shamba anayefundisha wakulima kijijini, alikuwa amekuja kurudisha ungo. Akasikia.

"Yaani umuuze mbuzi ulipe watu walivue shamba nguo? Mabua ndiyo nguo yake, mwenzangu. Yanazuia jua na mvua kali."

"Nikiyaacha, wifi yangu atasema mimi mchafu."

"Mwache aseme. Usilime shamba lote. Chimba mistari ya kupandia tu, kwa jembe lako. Nusu weka mahindi, nusu kunde. Msimu ujao badilisha. Kunde hurudishia udongo nguvu, na mahindi yakikauka, huenda kunde zikakuokoa. Ila sikudanganyi: mwanzoni magugu yatakutoa jasho. Palilia mapema."

Mama Usafi hakulala vizuri, lakini mbuzi hakuuzwa. Shukrani ya mbuzi ikawa kukata kamba na kuanza kutafuna mabua shambani. Mama Usafi alimkimbiza na ufagio, mumewe akacheka hadi akakaa chini.

"Tumemwokoa, naye anatuvua nguo!"

Wakachimba mistari, wakapanda, na magugu yakaja kweli. Wakapalilia mara tatu, mgongo ukawaka moto. Kisha mvua ikakatika. Mama Usafi akainua bua, akachomeka kidole chini yake. Udongo ulikuwa na unyevu. Akamwita mumewe, naye akachomeka chake.

Msimu ule mahindi hayakuwa ya kujisifia, lakini kunde zilijaza magunia mawili. Msimu uliofuata, mahindi yaliyopandwa palipokuwa na kunde yalimpita mumewe kimo.

Wifi akaja, akalitazama shamba.

"Siku hizi mbona chafu hivi?"

"Chafu sana, wifi. Kaa, mahindi yanachemka."

Wifi akala matatu, akaomba la nne.

Basi wewe unayesoma, kiberiti kiache jikoni. Na mbuzi mfunge vizuri.