Namba Chini ya Picha

Chupa ya wino ilikuwa moja, mikono ikawa miwili.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, sokoni Tunduma. Malori yamepanga foleni ya mpakani hujui mwanzo wala mwisho, na Rabson mwenye duka la madaftari anawasalimu kwa Kibemba akina mama wa upande wa Zambia, "Mulishani bamayo, karibuni!" Msichana aliyeshika shingo ya chupa aliitwa Ikupa, gauni la kitenge cha njano, raba nyeupe kama hazijui vumbi la Tunduma. Kijana aliyeshika kitako cha chupa aliitwa Hezron, shati limejaa madoa ya rangi.

"Kaka, achia."

"Dada, mimi ndiye niliyeiona kwanza."

"Umeiona, mimi nimeishika. Macho hayanunui."

Hezron akacheka, lakini hakuachia. "Basi tushindane. Kitendawili!"

"Tega," Ikupa akajibu, kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

"Kila akinyolewa, anafupika."

Ikupa akawaza mpaka Rabson naye akawaza. Hakuna.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Mlowo."

"Mlowo siutaki."

"Mchaguzi wewe! Haya, chukua Vwawa na kahawa yake yote."

"Vwawa nimekunywa kahawa, nimeshiba. Jibu ni penseli."

"Kumbe mchoraji!" Ikupa akaiachia chupa kwa mshangao, na hapo ndipo walipogundua kwamba wote wawili wanaelekea Ibaba, milimani Ileje, wamealikwa na rafiki yao Tabita. Wachoraji sita wa vitabu na vibonzo, wiki nzima ya kuchora tu, kwenye nyumba ya wageni ya kanisa. Chupa wakainunua kwa pamoja.

Jamani, Ibaba ni baridi! Ukungu unaingia mpaka jikoni bila hodi. Asubuhi walichora, mchana walichora, jioni wakakaa kwenye jiko la mkaa wakila viazi vya kuchemsha na kutaniana. Siku ya tatu Hezron alikuwa ameshamvika Ikupa koti lake.

"Koti lako linanuka tapentaini."

"Lirudishe, basi."

"Nani kasema silitaki?"

Ikupa alikuwa anachora akina mama wakichuma pareto. Alikaa nao shambani siku mbili, vidole vimekufa ganzi, akaupata uso wa kila mmoja kwa penseli, hata kicheko cha yule aliyeng'oka meno. Siku ya tano akaungua vidole kwa sufuria ya viazi.

"Nipigie wino wewe," akamwambia Hezron. "Fuata mistari yangu. Usiongeze kitu."

"Sawa, kipenzi."

Akapiga wino vizuri, kwa upendo kabisa. Lakini Hezron alikuwa na miaka tisa ya kuandika mabango ya maduka, na bango likiisha, mkono unashuka wenyewe kwenye kona: HEZRON ARTS, na namba ya simu. Ndivyo ulivyofanya. Tabita akaupiga picha mchoro huo na kuirusha mtandaoni bila kuangalia kona, naye Ikupa, akiuguza vidole chumbani, hakuiona.

Kesho yake Ikupa alipanda na kikombe cha chai mpaka kwenye jiwe nyuma ya kanisa, mahali pekee penye mtandao. Hezron alikuwa juu ya jiwe hilo, simu ameiweka spika.

"Naitwa Dina, mhariri, niko Mbeya. Tunatoa kitabu cha watoto. Namba yako nimeikuta chini ya picha. Ni wewe uliyewachora hawa akina mama?"

Sasa niambieni, neno "hapana" lina uzito gani? Mtoto wa chekechea analibeba. Huyu mwanamume mzima likamshinda.

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Kikombe kikapasuka kwenye jiwe.

"Ikupa! Mpenzi, subiri..."

"Umeandika namba yako kwenye nyuso za wale akina mama kama kwenye banda la chipsi?"

"Ni mkono tu! Umezoea, unaandika wenyewe."

"Mkono nimeusamehe. Na mdomo? Mdomo nao unaandika mabango?"

Ikupa akafunga begi, akalitupa lile koti mlangoni, akashuka na gari la kwanza.

Wiki tatu simu zililia.

"Haloo, malaika wangu."

"Malaika wako hana simu." Akakata.

"Ikupa, nisikilize..."

"Piga kwa mhariri wako." Akakata.

Na alikuwa na haki! Alilima yeye, akavuna mwingine, halafu aitwe malaika?

Alhamisi moja Hezron akatokea Tunduma, saluni ya Ketrina, mama yake Ikupa, na Ikupa mwenyewe yumo ndani. Amekonda, shati safi, bahasha mkononi. Wateja watatu wenye rola kichwani wakageuka kumtazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwizi?"

"Ndiyo, mama." Akatoa simu, akaiweka spika mbele ya kioo, akapiga. "Bi Dina, shikamoo. Ni Hezron."

"Marahaba. Mkataba umesaini?"

"Ninao hapa, sijausaini. Ile picha sikuichora mimi. Nilipiga wino tu. Mchoraji ni Ikupa, nimesimama mbele yake."

"Wiki tatu unanidanganya?"

"Ndiyo, mama."

"Kijana, namba yako naifuta. Mpe simu huyo binti."

Ikupa akaipokea. "Shikamoo, mama. Kazi naitaka. Lakini jina langu likae kwenye jalada, kwa herufi zinazosomeka."

"Litakaa."

Hezron akaweka bahasha mezani, akageuka kuondoka.

"Wewe, unakwenda wapi?" Ketrina akamdaka. "Uliyokuja nayo umeyamaliza?"

"Limebaki moja, mama. Ila leo sina uso wa kulisema."

"Liseme," akasema Ikupa.

"Nataka kukuoa."

Wale wa rola wakapiga vigelegele.

"Nyamazeni! Nani amekubali?" Ikupa akawakemea, machozi yanamtoka, naye anayafuta kwa hasira. "Hezron, mimi sijapoa. Nitakasirika Krismasi, nitakasirika mpaka Pasaka."

"Nitasubiri."

"Nani kakwambia usubiri? Mlete mshenga Jumapili, baada ya ibada. Na umwambie kabisa kwamba binti anayekuja kumposa amekasirika, asije akashangaa."