Utepe wa Mfagiaji

Jua lilikuwa limeshazama. Fundi alikuwa bado ameinamia cherehani, anamalizia sare za shule zilizomlaza macho wiki nzima, na mumewe amekaa kwenye kiti cha wateja akifunga kamba za raba. Ilikuwa hivyo kila jioni tangu daktari alipomwambia mume, bila kumung'unya maneno, kwamba sukari imepanda na asipoanza mazoezi wataanza kumkata vidole vya miguu, kimoja baada ya kingine. Mume ni fundi wa mafriji, hutoka kazini giza likiingia. Asipokimbia gizani, hakimbii kabisa.

Fundi alimpenda mumewe, na alitaka akimbie na arudi. Alikwenda duka la vifaa vya michezo, muuzaji akamweleza vizuri. Nguo nyeusi asivae. Akimbie akiyatazama magari yanayokuja, asiyape mgongo. Taa ya kichwani ya kumulika njia, taa nyekundu ya kuning'iniza mgongoni. Na utepe unaong'aa usiishie kifuani tu, ufike kwenye viwiko na vifundo vya miguu, kwa sababu dereva akiona kitu kinachopanda na kushuka hajiulizi mara mbili, anajua ni mtu. Fundi akachukua taa mbili za kichwani, moja yake mwenyewe, maana alikuwa ameahidi kukimbia naye siku magoti yakimkubalia. Mume alicheka sana, akasema siku hiyo haipo kwenye kalenda.

Utepe wa dukani ndio haukumpendeza. Ulikuwa mwembamba, ukiukwaruza kwa ukucha unabanduka. Akasema atautafuta mwenyewe.

Hapo ndipo alipokosea. Mafundi cherehani wana ugonjwa wao mmoja: hawatupi kitu. Zipu ya suruali iliyochanika wanaitoa, vifungo vya shati bovu wanavitia kwenye kopo, lastiki iliyolegea wanaiwekea matumaini. Na chini ya meza ya fundi kulikuwa na mfuko ulioletwa na mjane wa mfagiaji wa barabara, nguo za marehemu, zipunguzwe ziwafae watoto. Ndani yake mlikuwa na reflekta, kile kizibao chake cha kazini. Mjane aliitoa kwa ncha za vidole akasema hii ichomwe. Akasema tena, ichomwe leo. Fundi akaitikia.

Akaichoma kweli. Lakini utepe aliufumua kwanza, kwa wembe, mshono kwa mshono. Ulikuwa mpya kabisa. Marehemu aligongwa na lori akaburuzwa, na utepe haukuwa hata na mkwaruzo. Hilo halikumshangaza. Lilimfurahisha. Akaushona kwenye fulana ya mikono mirefu ya mumewe, kifuani na viwikoni.

Siku ya tatu mume alirudi na mchubuko begani, kioo cha gari kilimgusa. Siku ya tano akarudi amelowa hadi kiunoni, amejirusha mtaroni kukwepa basi. Alisema haelewi. Taa kichwani, taa mgongoni, anawaka mwili mzima, na madereva wanampitia kana kwamba hayupo. Fundi akabadilisha betri. Halafu akachukua utepe uliobaki, akautoa nyuzi za zamani, akamwongezea kwenye vifundo.

Ndiyo. Akamwongezea.

Jioni hiyo mume alipokuwa ametoka, dakika kumi hivi, mjane aliingia kuchukua nguo za watoto. Hakufika kwenye kiti. Macho yake yalikuwa sakafuni, kwenye nyuzi zilizofumuliwa, na katikati yake kipande cha utepe chenye urefu wa kidole.

"Uliichoma?"

"Niliichoma, dada."

"Na hiki?"

Mjane akakaa palepale mlangoni, akaeleza huku akitazama nje. Mumewe aliuokota utepe ule alfajiri moja, kwenye kona ya ghala la mbao, umeviringishwa vizuri, mkavu, na usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Akaushonea kwenye reflekta yake iliyochakaa. Tangu hapo magari yakaanza kumkosakosa. Dereva wa lori aliapa mbele ya polisi kwamba barabara ilikuwa tupu, na watu wakamwona mwongo.

"Hakusema uongo," mjane akanong'ona. "Madereva walikuwa hawamwoni. Kuna wengine walikuwa wanamwona. Aliniambia wanamfuata nyuma... wanakimbia anapokimbia."

"Kina nani?"

"Wenye utepe wao."

Fundi alivaa taa kichwani akatoka mbio, na magoti yake yaleyale.

Barabara ya kwenda ghalani, anakokimbilia mumewe, ilikuwa kimya. Hakuna mbwa, hakuna mdudu. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa leo, na hapakuwa na shimo popote. Alikimbia huku akiita kwa sauti ya chini, maana kitu kilimkataza kupiga kelele. Akasikia raba zinakuja.

Puu... puu... puu...

Akashusha pumzi. Mwendo wa mumewe aliujua. Halafu akasikiliza vizuri. Hazikuwa raba za mtu mmoja. Zilikuwa nyingi. Zilitua pamoja.

Akainua kichwa, mwanga ukaenda mbele. Utepe wa aina hiyo huurudisha mwanga palepale unakotoka, kwa hiyo aliyevaa taa ndiye anayeuona kuliko wote. Fundi aliona kila kitu. Kwanza mumewe, anarudi, mistari kifuani, kwenye viwiko, kwenye vifundo. Nyuma yake mistari mingine. Kifuani, viwiko, vifundo. Nyuma ya hiyo, mingine. Na mingine. Msururu mzima hadi kwenye kona, inapanda na kushuka kwa wakati mmoja.

Katikati ya mistari hiyo ya nyuma hapakuwa na mtu. Kilichoonekana ni ukuta wa ghala.

"Mzee wangu," alisema. "Vua."

"Kuna nini?"

"Usigeuke. Vua yote."

Mume alimtazama usoni, akatii. Alivua fulana pamoja na taa nyekundu, akabandua tepe za vifundoni, akatupa vyote mtaroni. Miguu ya nyuma yake ikanyamaza. Kule kwenye kona mstari wa mwisho ukazimika. Ukafuata wa mbele yake, na wa mbele yake, ikizimika kuelekea walipo, bila haraka, mpaka wa nyuma ya mgongo wa mumewe nao ukazimika. Taa ya kichwani ya mume ikazimika yenyewe.

Fundi akamshika mkono. Ulikuwa wa moto, umelowa jasho. Alilia kwa furaha, jamani, alilia barabarani bila aibu.

Walirudi wameshikana. Njiani gari likaja mbele yao, likapunguza mwendo, dereva mwenye mvi akateremsha kioo.

"Mama, unatembea peke yako giza hili? Panda nikusogeze."

"Asante baba, tuko wawili."

Dereva aliutazama mkono wa fundi ulioshika. Kisha akapandisha kioo taratibu, akaondoka kwa kasi.

Mume aliuliza mbona yule hakumsalimu. Fundi akasema watu siku hizi hawana adabu.

Mjane alikuwa bado pale mlangoni. Aliinuka, akatazama nyuma ya fundi, barabarani.

"Hukumkuta?"

"Nipo hapa, shemeji," mume akasema, amesimama hatua moja mbele ya uso wake.

Mjane aliendelea kutazama barabarani. Ndipo alipouona mkono wa fundi, jinsi vidole vilivyokunjwa. Akaziba mdomo, akaondoka, na nguo za watoto hakuzichukua.

Ndani, chini ya taa ya dari, fundi alivua taa ya kichwani. Kiti cha wateja kilikuwa kitupu. Akaivaa. Mumewe amekaa, anafungua kamba za raba, anauliza chakula.

Polisi waliitafuta maiti ya mume kando ya barabara yote, hawakuona kitu. Kazini kwake wameweka mtu mwingine. Watoto wao wamekuja, wamelia, wamerudi makwao wakiamini mama amepagawa, na fundi hawalaumu. Anashona mchana, taa imemkaa kwenye paji la uso kama kovu, wateja wanacheka kidogo halafu hawarudi. Alirudi mtaroni mara ngapi, autafute utepe, aushone kwenye nguo yake mwenyewe amfuate. Mtaro ni mkavu. Hakuna utepe.

Anaibadilishia taa yake betri kila siku, na kila siku anamwona kidogo kuliko jana. Chakula anachompakulia kinapoa mezani. Mkono wake umekuwa baridi, halafu mwepesi. Wiki hii fundi alianza kuuona ukuta kupitia kifua chake, na anakumbuka ukuta wa ghala ulivyoonekana katikati ya mistari ile.

Jana jioni aliweka betri mpya, akammulika usoni, karibu kabisa, machozi yanamtoka. Mume hakufumba macho. Alinyoosha mikono mbele, akapapasa hewa, akapapasa meza, akaipita mikono ya mkewe bila kuigusa.

"Fundi," akaita polepole. "Uko wapi? Mbona umezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka.