Maneno Kumi na Mawili Kwenye Kalenda ya Chooni

Mvua ikinyesha, Sjoukje huweka ndoo mbili ndani ya nyumba. Moja ukumbini, ya pili mlangoni pa chumba cha kulala. Paa lao ni la matete, limeezekwa tangu enzi za babu yake Wiebe, na upande unaopigwa na upepo umeoza. Mimi ni jirani yao, ng'ambo ya mfereji. Nikienda kunywa kahawa, naruka ndoo ya kwanza bila hata kuitazama.

"Sikia paa letu linavyopiga ngoma, Mama Baukje," Wiebe huniambia.

"Cheka tu," mkewe humjibu. "Wewe hulali upande wa ndoo."

Wiebe ni fundi wa mashua. Sjoukje hufuma soksi za sufu ya kondoo. Soksi zake zinanunuliwa hata na watu wa mbali, na wengi wao humlipa kwa bitkoini, yaani sarafu za mtandao. Sarafu hizo huwezi kuzishika mkononi. Alikuwa anaziweka kwenye simu, katika programu inayoitwa pochi. Hakuzigusa. Zilikuwa za paa. Fundi wa kuezeka alikuwa ameahidi kuja vuli hiyo, kabla ya barafu.

Siku Sjoukje alipofungua pochi hiyo, simu ilimpa maneno kumi na mawili ya kawaida, yaliyopangwa kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Ikamwambia ayaandike na kuyatunza.

"Niyaweke wapi haya?" alimuuliza mumewe. "Droo zetu zenyewe unazijua."

"Maneno mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Na mwaka una miezi mingapi?" Wiebe akatabasamu kama mtu aliyevua samaki mkubwa.

Kwetu kila nyumba ina kalenda ya siku za kuzaliwa, nayo hutundikwa chooni. Ukiketi, macho yako yanaikuta. Unakumbuka nani wa kumpongeza wiki hiyo. Kalenda ya Wiebe na Sjoukje ni karatasi moja ndefu, Januari juu, Desemba chini.

"Neno moja kila mwezi," alisema Wiebe. "Nani atajua? Yataonekana kama majina ya watu."

Sjoukje akaandika. Yakakaa hapo miaka miwili, na wote wawili wakajiona wajanja.

Siku ya kuzaliwa kwa Wiebe ilikuwa Jumamosi ya Septemba. Mvua ilikuwa inanyesha. Viti vilipangwa duara, kama kawaida. Kila aliyeingia alizunguka duara akipeana mikono. Hongera Wiebe. Hongera Sjoukje kwa mumeo. Hongera Mama Baukje kwa jirani yako. Kisha kahawa na kipande kimoja cha keki yenye sukari ya rangi ya waridi juu. Na baada ya kahawa nyingi hivyo, kila mtu ana safari ya chooni.

Douwe, binamu yake Wiebe, alirudi kutoka huko akiwa anacheka hadi mabega yanatikisika.

"Wiebe! Huyu Kijiko aliyezaliwa Machi ni mtoto wa nani?"

Watu wakageuka.

"Na Mbuzi wa Aprili je? Shemeji Sjoukje, nyie mna ukoo mwingine hamtuambii?"

Duara zima likaangua kicheko. Wiebe naye akacheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati. Sjoukje alikuwa ameshika birika la kahawa. Alilishusha polepole.

"Nimeipiga picha," Douwe akaendelea, akiinua simu yake. "Nimeituma kwenye kundi la ukoo. Tayari watu wanacheka hadi Kanada!"

Karibu yangu alikuwa ameketi Tjitske, mke wa mwanangu. Tjitske anafanya kazi kwenye maktaba ya mjini. Kila wiki huwafundisha watu kutumia simu na kompyuta, hasa sisi wazee. Yeye hakucheka. Aliinuka, akaenda chooni, akarudi. Akamwinamia Sjoukje.

"Dada, una pochi ya sarafu za mtandao?"

Sjoukje akatikisa kichwa kukubali.

"Yale ndiyo maneno yake?"

"Ndiyo. Lakini simu yangu ina namba ya siri! Mtu hawezi kuifungua."

"Haihitajiki simu yako," alisema Tjitske. "Mwenye maneno yale, kwa mpangilio ule, anafungua pochi yako kwenye simu yake mwenyewe. Hata akiwa Kanada. Namba ya siri inalinda simu tu. Maneno ndiyo fedha yenyewe."

Walikwenda jikoni. Mimi nikawafuata na vikombe, maana niliona Sjoukje anataka mtu wa kumshika mkono. Wiebe akaja nyuma, na Douwe nyuma ya Wiebe.

"Nitafuta picha," alisema Douwe. Sasa uso wake ulikuwa mwekundu. "Naifuta sasa hivi. Yaishe."

"Ifute," Tjitske akamwambia. "Lakini haiishi. Huwezi kujua nani ameihifadhi, wala simu ya nani itaibiwa kesho. Maneno yakishaonekana, hayawi tena siri. Dawa ni moja. Dada afungue pochi mpya, yenye maneno mapya, ahamishie sarafu zote humo."

"Tutafanya Jumatatu," alisema Wiebe. "Leo kuna wageni, na kesho ni siku ya Bwana."

"Jumatatu huenda pochi ikawa tupu, kaka. Na zikienda, hakuna benki ya kupigia simu. Hakuna wa kuzirudisha."

Wakanitazama mimi, kwa kuwa katika mambo ya Jumapili hunitazama mimi.

"Leo bado ni Jumamosi," nikasema. "Fanyeni. Wageni nitawamiminia kahawa."

Lakini sikuondoka mara moja, kwa sababu Wiebe alishangilia kwenye kona.

"Tumepona! Nimeuliza kwenye kundi moja la mtandaoni, na mhudumu wa pochi amenijibu papo hapo. Mtu wa heshima sana, ananiita bwana. Anasema nimtumie yale maneno, ataifunga pochi tuwe salama."

"Weka simu mezani," Tjitske akasema.

"Ana nembo kabisa, tazama..."

"Kaka Wiebe. Weka simu mezani."

Akaiweka.

"Huyo ni mwizi," Tjitske akasema. "Nembo hata mimi naweza kuibandika. Mhudumu wa kweli haulizi maneno yako. Hayahitaji. Sikilizeni wote, maana hili ndilo kubwa: hakuna mtu yeyote anayestahili kupewa maneno hayo. Si kwa simu, si kwa ujumbe, si kwenye ukurasa unaosema andika hapa tukusaidie. Hata mimi hapa, dada, usinionyeshe."

"Hata wewe?" Sjoukje akashangaa.

"Hata mimi. Kaa pale dirishani, nipe mgongo. Chukua kalamu na karatasi."

Sjoukje akaketi. Akafungua pochi mpya, na maneno mapya yakaja. Akayaandika kwa herufi kubwa, kila neno na namba yake, ili mpangilio usipotee.

"Niyapige picha pia, kwa uhakika?" akauliza.

"Hapana. Picha hupanda mtandaoni yenyewe bila wewe kujua. Wala usijitumie barua pepe. Karatasi na wino tu. Umemaliza? Sasa ifute pochi hiyo."

"Niifute?"

"Bado ni tupu. Sasa ndio wakati wa kujaribu, kabla hujaitia kitu. Ifute, kisha uirudishe kwa maneno uliyoandika. Ikirudi ileile, umeandika sawa. Isiporudi, hujapoteza kitu."

Kidole cha Sjoukje kilisita juu ya simu. Tulisikia tone la mvua likigonga ndoo ya ukumbini, kisha lingine. Akafuta. Akaanza kuandika maneno, moja baada ya jingine, midomo ikicheza bila sauti.

"Imekataa!" akalia.

"Soma tena taratibu. Usiyataje kwa sauti."

Akasogeza karatasi kwenye mwanga. Alikuwa ameruka neno la tisa alipoyaingiza kwenye simu. Akarudia. Mara hii simu ikatulia, kisha pochi ikafunguka, na anwani yake, ule mstari mrefu wa herufi na namba wa kupokelea sarafu, ilikuwa ileile.

"Umeona?" alisema Tjitske. "Sasa tuma sarafu kidogo tu kwanza. Linganisha herufi za mwanzo na za mwisho za anwani, maana ukikosea, haikurudii."

Akatuma kidogo. Tukangoja. Douwe alikuwa amesimama kando ya friji kama mtoto aliyevunja sahani. Zile chache zikafika. Ndipo Sjoukje akatuma zilizobaki. Zilipofika zote, aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

"Paa langu," alisema. "Mungu wangu, paa langu."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaenda kumimina kahawa.

Wageni walipoondoka, Tjitske alibaki kuosha vyombo pamoja nasi. Wiebe alikuwa ameibandua kalenda na kuichoma kwenye jiko.

"Sasa karatasi hii mpya niiweke wapi?" Sjoukje aliuliza. "Si chooni, najua."

"Nyumba hii ina hatari gani?" Tjitske akamrudishia swali.

Sjoukje akatazama juu. "Maji. Na moto. Paa la matete likishika moto, halisubiri zimamoto."

"Basi karatasi peke yake haitoshi. Na nakala zote mbili zisikae chini ya paa moja."

Wiebe akajikuna kidevu. "Pale karakana nina chapa za herufi. Zile za kugongea namba za mashua. Ningeweza kugonga maneno kwenye bati la chuma kisichoshika kutu."

"Hatimaye," alisema mkewe, "nyundo yako imepata akili."

"Nyundo, au mimi?"

"Nimesema nyundo."

Tjitske akacheka. "Ni wazo zuri kweli. Chuma hakiogopi maji, na moto wa nyumba hakiuogopi sana. Gongeni mabati mawili. Moja lifiche humu ndani, mahali ambapo mgeni hafiki. La pili liwe kwa mtu unayemwamini kabisa, ndani ya bahasha iliyofungwa na gundi. Maana atakayelishika ana uwezo wa kuchukua kila kitu."

"Dada yangu wa mjini Dokkum," alisema Sjoukje bila kufikiri. "Ana paa la vigae, na hapendi hata kusoma gazeti."

Hapo nami nikasema langu. "Na ninyi wawili mjue yalipo. Siyo mmoja. Marehemu wangu alikufa ghafla, na ufunguo wa kabati niliupata baada ya majira mawili, ndani ya kiatu cha kutelezea kwenye barafu. Hakunificha kwa ubaya. Alidhani kesho ipo."

Wiebe akamtazama mkewe. Hakutania.

"Jambo la mwisho," alisema Tjitske akikausha mikono. "Sarafu hizi hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Msiweke humo kila mlicho nacho. Na msitangaze mnazo."

Jumatatu nilisikia nyundo karakana kutwa nzima. Jioni Sjoukje aliifuta pochi ya zamani, na Jumatano akapanda basi kwenda Dokkum.

Oktoba, juma moja kabla ya fundi wa paa kufika, Sjoukje alikuwa anavuka daraja na mzigo wa soksi. Simu ililia mfukoni. Akaitoa, mzigo ukamponyoka, akaudaka mzigo, na simu ikaingia mferejini.

Niliona kupitia dirisha langu. Nikatoka mbio bila koti. Wiebe alikuja na sumaku kubwa iliyofungwa kamba, akaitupa majini, akavuta, akavuta. Akatoa baiskeli nzima, imeota konokono.

"Si hii," alisema Sjoukje.

"Lakini ina kengele," Wiebe akajibu, akaipiga. Ikalia.

Nilitegemea machozi. Sjoukje aliyatazama maji, akavuta pumzi, kisha akaniambia, "Twende ndani, Mama Baukje. Nitanunua simu kesho."

Akanunua. Akaingia chumbani peke yake na bati lake la chuma, akafunga mlango. Wiebe na mimi tulikaa jikoni, na kahawa yetu ikapoa. Hatukusikia kitu. Kisha mlango ukafunguka.

"Zipo," alisema. "Zote zipo."

Wiebe akaweka mikono usoni.

Sjoukje akazibadilisha kuwa yuro, akamlipa fundi wa kuezeka, na matete mapya ya rangi ya asali yakapanda upande wa upepo. Barafu ilipokuja mwaka ule, ndani ya nyumba ile kulikuwa kukavu kama kabati la mkate.

Septemba iliyofuata tukakaa tena duara. Hongera Wiebe, hongera Sjoukje kwa mumeo. Nje mvua ilimwagika kwelikweli. Nilipokwenda ukumbini niliinua mguu kuruka ndoo, nikakuta sakafu tupu. Ndoo ilikuwa pembeni, imejaa matufaha.

Douwe akarudi kutoka chooni na uso mrefu.

"Kalenda yenu mpya haina cha kusoma," alilalamika. "Majina ya watu tu!"

"Umesoma Novemba, shemeji?" Sjoukje akamuuliza, akimkatia keki.

"Novemba nimo mimi."

"Basi mwaka huu tuoneshe kwamba unajua kutunza siri. Usimwambie mtu unatimiza miaka mingapi."

Na Wiebe akacheka, safari hii hadi mwisho.