Siku Tegwen Alipoikatalia Treni Fimbo

Ndugu zangu, leo nawasimulia habari ya nyumba iliyonusurika, maana habari za nyumba zilizoteketea tunazo tele.

Kila kiangazi Tegwen na mumewe Meirion walifungasha hema lao, wakaenda na rafiki zao, Gethin na mkewe Mair, kupiga kambi kwenye malisho ya kondoo kando ya reli moja ya zamani katika milima ya Wales. Treni za pale bado zinakwenda kwa moto na maji, na wanaoziendesha hawalipwi chochote. Wanatoa likizo yao kwa mapenzi tu, wanajaa masizi, wanarudi makwao wakiwa na furaha. Gethin alikuwa dereva. Meirion alitia makaa na kuangalia maji ya boila, tangi la kuchemshia mvuke, yasipungue. Tegwen alikuwa mtunza fimbo katika stesheni ya kati.

Fimbo hiyo si ya kutembelea. Reli ni moja, ya kwenda na kurudi, kwa hiyo kila kipande cha njia kina fimbo yake, na treni isiyokuwa nayo haiingii. Tena haipokonywi. Mtunzaji akikataa kuitoa, hata mkubwa wa reli anasubiri.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika na milima imeoshwa safi. Gethin alikaanga mayai juu ya beleshi la makaa, katika mdomo wa tanuri la injini, kama ilivyo desturi yao. Siwan, binti wa Tegwen, aliyala kwa mkono huku akirukaruka, kwa sababu siku hiyo angepanda behewa la kwanza, nyuma tu ya baba yake.

"Meirion, mimina chai yako basi," Gethin alisema. "Yangu imekwisha."

"Yangu haina sukari. Hutaipenda."

"Heee! Tangu lini mtu wa injini akamnyima mwenzake chai?"

"Mwache," Mair akadakia. "Huyo bahili tangu tumboni mwa mama yake."

Wakacheka. Tegwen naye akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa. Meirion hakuwahi kunywa chai bila sukari maisha yake yote. Ile chupa yake ya chai ilikuwa na wiski, na mkewe alijua. Kwa miaka alikuwa akimfichia. Asipoamka, Tegwen alisema mumewe ana mafua. Akinuka, alimpa peremende. Ahadi alizompa mtoto zilipovunjwa, ni yeye aliyetunga sababu. Aliuita uvumilivu. Nanyi mnaosoma, msimcheke haraka, maana wengi wetu tuna peremende zetu mifukoni.

Tegwen alitangulia kwa gari hadi stesheni yake. Treni ilipowasili, Meirion aliinama kumkabidhi fimbo ya kipande walichotoka. Mkono wake ukakosa mkono wa Tegwen, fimbo ikaanguka kwenye kokoto. Harufu ikamfikia Tegwen usoni. Siwan alikuwa dirishani akipunga mikono yote miwili, na mbele yao kulikuwa na mteremko mkali kuliko yote.

"Haya, Mama Siwan, lete fimbo," Meirion alisema, akicheka ovyo.

Tegwen aliishika kifuani fimbo ya kipande kinachofuata. Akisema, mumewe angeaibika mbele ya watu wote anaowaheshimu, na huenda asingemsamehe kamwe. Akinyamaza, mtoto wake angeteremka mlimani mikononi mwa mlevi.

"Kwanza nimiminie chai," akasema.

"Nini?"

"Chai yako. Nina kiu."

"Shemeji, tunachelewa," Gethin alilalamika. "Abiria wananitolea macho."

"Basi onja wewe."

Meirion alinong'ona, "Usinifanyie hivi, mke wangu. Nakuomba."

"Nimekufanyia mabaya zaidi, Meirion. Nimekunyamazia."

Gethin aliichukua chupa, akaifungua, akainusa. Uso ukambadilika. Akageukia kioo kinachoonyesha maji ya boila. Maji yalikuwa chini kabisa, yanaonekana kwa shida.

"Mungu wangu," akasema, tayari akifungulia maji kuingia. "Tungeinamisha injini pale mteremkoni, maji yangekimbilia mbele, bati la juu ya moto likabaki kavu. Tungelipuka. Na mimi nilikuwa natazama njia tu, nikimwamini."

Meirion alishuka. Hakuna aliyemgusa wala kumzomea. Mair, aliyekuwa behewani na abiria na aliyejifunza kazi ile ile, alikuja akapanda injini, akashika beleshi. Maji yalipotulia kwenye kiwango chake, Tegwen akatoa fimbo, na treni ikaondoka na Siwan wake, salama.

Meirion alikaa kwenye benchi mpaka jioni bila kumtazama mkewe. Mwishowe akasema, "Ningemuua." Kisha akalia, na Tegwen akalia naye, na kwa mara ya kwanza hawakuwa na cha kufichana.

Alizuiwa kupanda injini. Akatafuta matibabu, akaanguka, akainuka tena. Viangazi vilivyofuata alikuja kambini vilevile, akisafisha mabehewa na kuwachemshia wenzake chai kwenye birika kubwa. Rafiki zake hawakumtenga, na kwa hilo Tegwen anawashukuru hata leo.

Kisha kikaja kiangazi alichoruhusiwa kurudi. Treni ilisimama, Meirion akainama na kunyoosha mkono. Tegwen aliishika fimbo, hakuitoa. Mumewe akatabasamu, akafungua chupa yake, akammiminia kikombe mbele ya watu wote. Tegwen akanywa. Ilikuwa chai, tena yenye sukari ya kukwaruza koo.

Akampa fimbo.

"Asante," Meirion alisema, na hakuwa akiizungumzia fimbo ya siku hiyo, bali ile aliyonyimwa zamani.

Funzo

Ndugu zangu, kumfichia mlevi si kumpenda. Kila uongo unaousema kwa niaba yake unamsogeza karibu na mteremko, pamoja na watoto waliokaa nyuma yake. Ukimpenda mtu, mkatalie angali hai na aweze kukukasirikia. Na wewe uliyewahi kukataliwa namna hiyo, kama yule aliyekukatalia yupo, nenda leo ukamshukuru.